Mabega ya Lucy Lameck

Nachora mabango ya saluni na maduka ya dawa hapa Moshi, na kwa miaka mingi nilidhani kuchora sura ya mtu ni kunakili picha yake. Lucy Lameck ndiye aliyenitoa kwenye dhana hiyo.

Ilianza mwaka 2021, niliposikia kwamba mtaa mmoja wa Berlin uliokuwa na jina la Hermann von Wissmann sasa umepewa jina la Lucy Lameck. Wissmann ndiye Mjerumani aliyekuja na jeshi kumpiga Sina, mangi, yaani mtawala wa Kichagga, wa Kibosho mwaka 1891. Jina lake limeshushwa kwenye kibao, la binti wa Njoro limepandishwa! Siku hiyo nilikuwa napaka rangi ukuta wa mteja, nikawauliza vijana wa kijiwe cha jirani: Lucy Lameck ni nani? Mmoja akasema ni mwimbaji wa kwaya. Wengine kimya. Na Njoro ni hapo hapo tu, bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kuongea na simu. Iliniuma sana. Jioni nikapitia duka la vifaa vya shule nikanunua manila, kifutio na penseli za HB, 2B na 6B.

Picha niliyoipata ilikuwa ndogo, ukiikuza inageuka madoa matupu. Nikatumia njia ya miraba: unapiga mistari kila sentimita moja juu ya fotokopi, halafu kila sentimita nne juu ya manila, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja bila kujali kama ni pua au sikio. Hiyo njia haidanganyi vipimo. Siku ya tatu sura ikawa imetoka, na kila aliyepita akasema nimepatia.

Nikampelekea bibi mmoja jirani yetu ambaye ujana wake wote alipiga taipu maofisini. Nilimwamkia, akaniitikia, akavaa miwani, akaitazama ile manila mpaka chai yake ikapoa.

"Mwanangu, uso sawa. Mabega siyo. Umemchora kama mtoto anayepigwa picha ya kipaimara. Unajua huyu alianzia kazi gani?"

Nikakiri kwamba sijui. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu kama aliyewekewa mashine mezani: mgongo wima, viwiko karibu na mbavu, shingo juu, vidole vimeinuliwa kidogo. "Tulifundishwa hivi. Ukishazoea, hukai tena kwa kujikunja maisha yako yote."

Nikaiweka penseli chini, nikaanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kununua manila. Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934. Alisomea uuguzi, kisha katikati ya miaka ya 1950 akafanya kazi ya ukatibu KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa ambacho kila mtu wa Moshi anakijua. Akaingia TANU, akaenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, na mwaka 1962 akawa naibu waziri wa ushirika na maendeleo ya jamii. Ndiye mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri katika nchi yetu. Alifariki mwaka 1993. Yule binti wa taipu alikuwa amefika mezani kwa wakubwa, na mimi nilikuwa nimemlegeza mabega. Nikafuta kila kitu chini ya kidevu, nikaanza upya.

Tangu hapo nachora na watu wengine wa historia yetu, na sishiki penseli mpaka nijue mtu ninayemchora alikuwa akifanya kazi gani kwa mikono yake.

Kirilo Japhet wa Meru alinichukua muda mrefu kuliko wote. Mwanzoni nilimchora ameinua mkono, kama mhutubiaji wa uwanjani. Kisha nikasoma kisa chenyewe. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Watu wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo akaenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi halikupata theluthi mbili za kura. Alirudi bila ardhi, lakini akaendelea, na TANU ilipoanza mwaka 1954 ilimkuta keshajua kusimama mbele ya dola. Mtu kama huyo humchori ameinua mkono. Nilimchora ameshika bahasha ya karatasi kifuani kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyoshika kitu cha watu.

Mangi Meli nilimchora kwa haraka, usiku mmoja tu, kwa sababu sikuweza kukaa naye zaidi. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mpaka leo ukoo wake unalitafuta fuvu lake Ujerumani. Kila nilipoweka kivuli chini ya taya mkono ulisita.

Maelezo ninayoyabandika chini ya kila picha yalinishinda zaidi ya picha. Nilianza na ukurasa mzima, hakuna aliyemaliza. Sasa naandika mistari minane, herufi za bango, ili mama aliyebeba kikapu asome bila kukitua. Kabla ya kuyabandika namsomea fundi cherehani wa jirani, naye hashoni huku nikisoma. Akiuliza "halafu ikawaje?" naacha kama yalivyo. Akirudi kwenye cherehani, narudi kuandika upya. Mwaka wowote ninaouandika lazima niwe nimeukuta sehemu mbili.

Bibi sasa ndiye mkaguzi wangu. Juzi nilimpelekea fotokopi ya Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu aliyechaguliwa rais wa Wachagga mwaka 1960 na baadaye akawa waziri wa elimu. Miraba nimeshapiga. Bibi ameniambia nisianze mpaka nimtafute mtu aliyefundisha kwa ubao na chaki, anionyeshe mwalimu wa zamani alivyogeuka kuliangalia darasa.