Usiku 12 Italia: Treni kwa Miji, Gari kwa Mashamba

Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na miji 9: Roma, Napoli, Pompei, Amalfi, Siena, Pisa, Firenze, Venezia na Milano. Usiku tuliokuwa nao ni 12. Niliiandika nyuma ya kalenda ya duka, mezani kwetu Malindi, na kila mji nilipouandika nilimkumbuka mgeni fulani wa hotelini aliyeniapia kwamba kwao ndiko kuzuri kuliko kote. Nimekaa mapokezi miaka mingi. Na Malindi Kitaliano hukisomi darasani, unakiokota: sokoni mama anakuuzia embe kwa Kitaliano, na kijana wa tuktuk anakujibu hichohicho. Kwa hiyo nilitaka kwenda kote nilikokusikia.

Mume wangu aliisoma ile orodha, akaitua. "Mama watoto, hii si safari. Hii ni kuhama nyumba kila siku."

Nilinuna kidogo, kisha nikapiga hesabu. Kuhama mji kunakula nusu siku hata kama treni yenyewe ni ya saa moja na nusu: kufunga masanduku, kurudisha ufunguo, kwenda stesheni, kungoja, kusafiri, kutafuta nyumba mpya, kisha kuambiwa chumba kitakuwa tayari saa tisa alasiri. Miji 9 ni kuhama mara 8, yaani siku nne nzima za kukokota mizigo. Nikafuta Napoli, Pompei na Amalfi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ziko upande mmoja wa kusini na zinastahili safari yao. Iliniuma. Pisa na Milano zikafuata. Tukabaki na Roma usiku 4, Firenze 2, mashambani mkoa wa Toscana 4, Venezia 2. Siena tukaiweka iwe ya kwenda na kurudi tukiwa huko mashambani.

Uamuzi wa pili ulituokolea siku nyingine: tiketi ya ndege ya kuingilia Roma na kutokea Venezia. Watu wengi hukata ya kwenda na kurudi mji uleule, kisha siku ya mwisho wanairudia njia yote waliyokwisha kuipita.

Kwa sisi wenye pasipoti ya Kenya, mpango huu hausubiri ufike kule. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inataka uonyeshe utalala wapi kila usiku, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Basi tulikodi vyumba vinavyoweza kufutwa bila malipo, na tiketi za treni hatukuzigusa mpaka pasipoti ziliporudi. Bei za treni za kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia, hilo nilijua, lakini zile za bei ya chini kabisa ukishanunua hurudishiwi pesa. Nilipendelea kulipa zaidi kidogo kuliko kubaki na tiketi nzuri bila viza.

Tuliondoka Septemba 2024.

Sitaieleza Roma sana, imeelezwa na wengi. Nitasema tu kwamba gari usilifikirie kabisa mle. Kutoka uwanja wa Fiumicino treni ya Leonardo Express inakushusha kituo cha Termini kwa dakika 32, euro 14 kila mtu, na baada ya hapo ni miguu na metro. Siku ya tatu tulipanda treni ya kawaida ya mikoani, ile wanayoiita Regionale, kwenda Orvieto, mji uliokaa juu ya jabali, na kutoka stesheni unavutwa kupanda juu kwa kigari cha kamba. Pale Termini tulishika tiketi zetu za karatasi tukawa tunaingia behewani, mzee mmoja akanigusa mkono akanionyesha kijisanduku kwenye nguzo. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigongeshe muhuri wa saa kabla hujapanda, la sivyo mkaguzi anakuhesabu kama huna tiketi. Treni za kasi hazihitaji hivyo, maana tiketi yake ina saa, behewa na kiti chako. Nilimshukuru yule mzee kwa moyo wote, tukakimbia kugonga, tukarudi mlango ukiwa bado wazi.

Roma hadi Firenze kwa Frecciarossa, treni ya kasi, ni saa moja na nusu hivi. Tulilala siku mbili, tukaliona lile kuba la kanisa kuu alilolijenga Brunelleschi, lililokamilika mwaka 1436, kisha asubuhi ya tatu tukapanda tramu T2 mpaka uwanja wa ndege wa Peretola kuchukua gari. Kukodishia uwanjani ni jambo nililolipanga makusudi. Katikati ya Firenze, kama miji mingi ya kale ya Italia, ni eneo la ZTL, ambamo gari lisilo na kibali haliruhusiwi. Hakuna askari wala kizuizi, kuna kamera tu. Unapita, inapiga picha namba yako, na faini inakufuata kupitia kwa waliokukodishia, pengine miezi baadaye, nao wakikukata ada yao ya usumbufu. Ukichukulia gari uwanjani unaingia barabara kuu moja kwa moja.

Kaunta ndipo mipango yetu ilipokwama. Mume wangu ndiye aliyekuwa aendeshe. Alikuwa na leseni, kibali cha kimataifa cha kuendesha kutoka AA, chama cha wenye magari, na kadi yake ya benki. Msichana wa kaunta akaigeuzageuza ile kadi, akasema kwa upole kwamba hawapokei. Amana inashikwa kwenye kadi ya mkopo tu, tena iwe na jina la dereva mwenyewe. Masharti yalikuwa yameandikwa, sisi hatukuyasoma hadi chini. Kadi ya mkopo nilikuwa nayo mimi. Na kibali cha kimataifa nilikuwa nacho pia, nilikichukua siku moja naye kwa kuwa nilikuwa nimesimama foleni palepale. Msichana akafuta jina lake, akaandika langu.

Gari lilikuwa la klachi, maana ya otomatiki ni machache na bei yake iko juu. Klachi hainitishi, nilijifunzia pikapu ya marehemu baba. Kilichonitia jasho ni upande. Kwetu tunaendesha kushoto, wao kulia, na usukani uko kushoto. Mara ya kwanza kutafuta gia, mkono wangu wa kushoto ulipiga mlango. Mara ya pili pia. Mume wangu akakaa kwenye kile kiti ambacho kwetu ni cha dereva, simu mkononi, akawa anarudia neno moja kila kona: "Kulia, Mama watoto. Kulia kwako." Kwenye raundabauti tunazunguka kinyume cha mazoea yetu, na macho yanataka kuangalia upande usio na gari. Nilizunguka ya kwanza polepole mno, wa nyuma wakapiga honi, nikawaacha wapige.

Barabara kuu ya A1, inayotoka Milano hadi Napoli, ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mabango ya kijani ni ya barabara kuu ya kulipia, ya buluu ni barabara za kawaida. Unaingia, mashine inakupa tiketi, unalipa unakotokea. Njia ya manjano iliyoandikwa Telepass usiiguse, ni ya wenye kifaa ndani ya gari. Tulitokea Valdichiana, tukapanda vilima kuelekea Pienza.

Picha zote za Val d'Orcia, bonde hilo la Pienza, nilizowahi kuziona zilikuwa za kijani. Septemba si kijani. Ngano imeshavunwa, ardhi imelimwa, na vilima vyote vina rangi ya udongo wa chungu, na miti ya saipresi imesimama kwa safu kama watu wanaosubiri jeneza lipite. Nilizima gari kando ya barabara nikashuka. Kimya chake sikukitarajia. Hapo ndipo nilipojua kwa nini usiku 4 haukuwa mwingi: treni haifiki huku, na basi likifika litakushusha mjini, si kwenye kilima unachokitaka saa ambayo jua linakitaka.

Tulifikia shambani, nyumba ya mawe. Mwenyeji alinisikia nikiuliza kama chakula kina nguruwe, kwa Kitaliano changu cha mapokezi, akaniuliza nimekisomea wapi. Nilipomtajia Malindi akacheka akasema shemeji yake huenda huko kila Januari. Tangu hapo alitupikia pici, tambi nene za kukanda kwa mkono, kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu vikubwa vya huko. Mkate wao wa Toscana hauna chumvi hata chembe. Siku ya kwanza niliuona mbovu. Siku ya tatu, kwa jibini la kondoo la Pienza, nikaelewa kwamba chumvi iko kwenye jibini.

Siku ya Montepulciano simu ilituambia tunyooke tuingie lango la mji. Mbele yake kulikuwa na bango la duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na chini yake maandishi ya taa: varco attivo. Mume wangu akasoma, "Attivo, si ndiyo kusema limefunguliwa?" Nikakanyaga breki. Attivo maana yake kamera inafanya kazi, usiingie. Siku ambayo haifanyi kazi wanaandika non attivo. Nilirudi nyuma taratibu, tukaegesha nje penye mistari ya buluu ya kulipia, tukapanda kwa miguu. Siena tulifanya hivyohivyo, tukapandishwa na ngazi za umeme kutoka Fontebranda.

Gari tulilirudisha Peretola likiwa na tangi lililojaa, na nililipiga picha pande zote kabla ya kukabidhi ufunguo, kama nilivyofanya siku ya kulichukua.

Firenze hadi Venezia ni saa mbili na dakika chache, na mpaka Bologna unakuwa ndani ya mahandaki chini ya milima karibu njia yote. Tiketi iwe ya Venezia Santa Lucia, si Mestre, kwani Mestre iko bara. Baada ya Mestre ardhi iliisha. Treni ikapita juu ya maji kwa kilomita karibu nne, kushoto maji, kulia maji, na abiria wote wakanyamaza.

Ukitoka nje ya stesheni unashuka ngazi na Mfereji Mkuu uko miguuni pako, mashua zinapishana, hakuna gari hata moja. Mume wangu alisimama akavuta pumzi. "Lamu," akasema. Kisha akaitazama ngazi ya daraja la Scalzi iliyokuwa mbele yetu, akayatazama masanduku mawili yenye magurudumu, akalipachika moja begani kama wachukuzi wa gatini, akaanza kupanda.