Nyota ambayo Kilwa haionekani: kumbukumbu ya riwaya yangu, Machi mpaka Juni

Mwishoni mwa Machi

Maneno 41,300, sura ya 14 imeisha juzi. Kwa ambao hamjui, riwaya yangu inatokea Kilwa mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib. Lakini mimi siandiki habari za sultani wala za msafiri, mimi naandika habari za binti wa rubani mmoja wa chombo cha baharini ambaye baba yake macho yameanza kufifia, yaani mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama, sasa haoni, na binti ndo anakuwa macho yake kwa siri ndani ya chombo. Hiyo habari imenikaa kichwani miaka minne na nimeshaamua nitaimaliza.

Ratiba ni ile ile. Mchana nipo kwenye fotokopi pale Ngamiani, hapa Tanga, napiga kopi za vyeti, nachapa barua za maombi ya kazi, nalaminisha vitambulisho. Zile karatasi zilizoharibika upande mmoja sizitupi, upande wa pili ndo daftari langu, wateja wakipungua naandika mstari miwili mitatu. Usiku saa nne mpaka saa sita naviingiza kwenye kompyuta. Betri ilishakufa kitambo kwa hiyo umeme ukikatika na mimi nimekatika, nimejifunza kusevu kila baada ya aya moja.

Aprili, wiki ya kwanza

Wiki hii sijaandika sura mpya kabisa na sijutii maana nimetengeneza kitu nilichokuwa nakihitaji sana. Ilianza hivi, nilikuwa nasoma tena sura ya 3, binti na mama yake wamekaa mezani wanakula muhogo wa nazi na pilipili ya kukaanga. Nikasoma, nikapita, nikarudi. Muhogo? Muhogo asili yake Amerika ya Kusini, umekuja huku kwetu baada ya Wareno, na Wareno wenyewe wamefika Kilwa mwaka 1500. Miaka 170 mbele! Na pilipili zile nyekundu hivo hivo. Na meza yenyewe, neno lile ni la Kireno. Sentensi moja ina makosa matatu.

Basi nikaandika programu ndogo ya kompyuta kwa lugha ya Python, inapita kwenye sura zote inatafuta maneno yaliyo kwenye orodha yangu ya marufuku. Orodha ina sehemu mbili. Kwanza vitu ambavyo havikuwepo: muhogo, mahindi, karanga, korosho, nanasi, papai, nyanya, viazi vitamu, tumbaku. Pili maneno ya Kireno ambayo tunayatumia kila siku wala hatuyasikii kama ya kigeni: meza, bendera, leso, gereza, karata, kopo, mvinyo.

Mara ya kwanza kuirusha ikaniletea mistari 212, nikashtuka, kumbe nyingi si makosa. Kiswahili hakikubali kutafutwa kienyeji hivo. Natafuta "meza" inaniletea "akameza mate". Natafuta "karata" inaniletea kila "karatasi", na karatasi ni neno la Kiarabu halina shida. Natafuta "kopo" inaniletea "alikopokelewa"!! Maneno yetu yanabeba mengine tumboni, huwezi kukata vipande tu. Nikakaa nayo siku mbili, nikaiandikia kanuni kwamba neno lianze mwanzoni au litanguliwe na ma- au vi- au ki- tu, na mwishoni liruhusu -ni, hapo mezani na makopo yanakamatwa na alikopokelewa inaachwa ipite. "Meza" peke yake naikagua kwa macho. Mistari ikabaki 37 na yote 37 ilikuwa makosa kweli.

Kurekebisha ndo kulikuwa kutamu. Karanga zikawa njugu mawe, ambazo ni za Afrika toka enzi. Muhogo ukawa uji wa mtama na samaki wa nazi, pilipili ikawa pilipili manga na tangawizi, vitu vya biashara vilivyokuja kwa vyombo kutoka Bara Hindi, na hapo hapo nikapata jambo ambalo sikuwa nalo, kwamba baba analetewa pilipili manga kidogo kama zawadi na nahodha, mama anaitunza kwenye kitambaa, na siku anapoitoa yote ndo tunajua anamuaga binti. Hiyo sikuitunga mimi, imeletwa na kusahihisha.

Kuna rafiki yangu aliniuliza, sasa kama unataka usahihi wa hivo mbona unaandika kwa Kiswahili cha leo? Swali zuri, nimelifikiria sana. Msimamo wangu ni huu, msimulizi ni wa leo, anaongea na wasomaji wa leo, lakini kitu kikishikwa na mkono wa mtu wa 1331 lazima kiwe kilikuwepo, na neno likitoka mdomoni mwake lisiwe neno ambalo chombo kilicholileta bado hakijafika. Hapo sitetereki.

Aprili, mwishoni

Nyumba za sura ya 5 nimezibomoa. Nilikuwa nimejenga mji mzima kwa mawe ya matumbawe kwa sababu mwaka jana nilienda Kilwa Kisiwani, nilipanda basi mpaka Masoko nikakata kibali nikavuka kwa boti, na ukisimama Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, pale juu ya jabali, lile birika la pembe nane, zile vyumba zaidi ya mia, unarudi na mawe kichwani. Lakini Ibn Battuta ameusifia mji kwa uzuri na kasema nyumba ni za mbao zilizoezekwa kwa majani, na hata ukiachana na yeye, watu wa kawaida walikaa nyumba za miti na udongo. Rubani wangu si tajiri. Kwa hiyo sasa ana nyumba ya udongo na mvua ya masika inaingia pembeni, na mawe anayatazama kwa mbali.

Mei

Hapa ndo palipo na uzito wa miezi yote hii.

Sura ya 9 ndo moyo wa kitabu. Chombo kimetoka Kilwa kinapanda kaskazini kwa kusi changa, usiku, baba kakaa tezi, kule nyuma ya chombo, anamuuliza binti kwa sauti ya chini "iko wapi?" na binti anamjibu nyota ya kaskazini iko vidole vingapi juu ya bahari. Nimeiandika mara sita ile. Programu yangu imeipitisha safi, haina neno hata moja la marufuku.

Jumapili moja nikafungua Stellarium, ile programu ya bure ya anga, kwa kujifurahisha tu, nikaweka Kilwa, nikarudisha mwaka mpaka 1331, nitazame anga aliyoiona binti. Nikageuka kaskazini. Nyota ya kaskazini haipo. Nikasogeza saa, nikasogeza miezi, mwaka mzima, haipo.

Na ukifikiri dakika moja tu unaona ni kwa nini. Urefu wa nyota ile juu ya upeo, ule mstari wa bahari na anga, ni sawa na digrii ulizopo kaskazini mwa ikweta. Muscat unaiona juu vizuri, Mogadishu iko chini sana, ukishafika ikweta inagusa maji, na Kilwa iko karibu digrii 9 kusini. Ipo chini ya bahari. Enzi zile tena ilikuwa haijakaa sawasawa kwenye ncha ya anga kama sasa, ilikuwa inazunguka kwa mbali kama digrii 4, lakini hata ikipanda juu kabisa, kwa Kilwa haichomozi. Binti wangu alikuwa anampimia baba nyota ambayo hakuna mtu wa Kilwa aliyewahi kuiona akiwa kwao.

Nilifunga kompyuta, nikaenda kulala bila kula. Makosa ya muhogo unabadilisha neno, lakini hili ndilo tukio lenyewe, kila kitu kimesimama juu ya ile nyota.

Wiki nzima ikawa kusoma. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 15, ameandika sana kuhusu hili (ile habari kwamba ndiye alompeleka Vasco da Gama India kutoka Malindi 1498 wanahistoria wengi wameshaikataa, naisema kwa sababu kila nikimtaja mtu ananirudishia hiyo). Marubani wale nyota ya kaskazini waliiita Jahi, na walijua vizuri kwamba ukishuka kusini inakupotea. Jahi ikizama wanahamia kwa Farqadani, nyota mbili za jirani yake zinazokaa pamoja kama ndugu, na Farqadani nao wakipotea wanashika Na'ash, zile saba kubwa. Na kipimo chao ni kidole, isba, kidole kimoja ni kama digrii moja na nusu na ushee.

Nikarudi Stellarium. Kilwa, 1331, Aprili, saa saba ya usiku: Farqadani! Ile angavu zaidi inafika digrii 4 hivi juu ya bahari, vidole viwili na nusu, haipandi zaidi, inatambaa kidogo kisha inashuka. Niliinuka kwenye kiti. Nyota ya kaskazini inakaa karibu palepale usiku kucha, hata mtu mvivu anaipima. Hawa ndugu wawili wana muda wao, ukichelewa zimepita, na zipo chini kabisa ambako ukungu wa bahari unakula mwanga, na ndiko macho ya mzee yanakoshindwa kwanza. Tukio langu limekuwa gumu mara tatu, na sasa ninaelewa kwa nini baba anamhitaji binti, nilikuwa sikuelewa vizuri.

Angalizo kwa atakayejaribu: Stellarium kwa miaka ya kabla ya 1582 inatumia kalenda ya zamani ya Julius, kwa hiyo 1331 tarehe zinapishana siku 8 na za sasa. Mimi nilihamia Hijria kabisa, Rajabu 731 inaangukia Aprili na Mei mwanzoni, na wahusika wangu ndo wangehesabu hivo.

Juni

Sikutaka kuandika kipimo ambacho mkono wangu haujawahi kushika. Nikatengeneza kamali, kile kibao chenye kamba, kamba unaing'ata kwa meno, kibao unakisogeza mpaka ukingo wa chini uguse bahari na wa juu uguse nyota, halafu unahesabu fundo. Mbao ya kipande cha fremu, upana sentimita 6, kamba ya katani. Hesabu ni rahisi, kibao cha sentimita 6 ukikishika sentimita 49 kutoka usoni kinafunika digrii 7, ukikileta 32 kinafunika karibu 11. Mpwa wangu wa miaka tisa ndo aliyeshika futi wakati nafunga mafundo, na aliniuliza swali lililonikaa, "Mjomba, sasa wakiwa na njaa si mkono unatetemeka?" Limeingia sura ya 9.

Mwezi Juni Farqadani zinafika juu saa tatu usiku, muda mzuri. Usiku wa kwanza nimeenda Ras Kazone kwa baiskeli na huyo mpwa, anga safi, nyota kibao, na sikuweza kupima chochote! Hakukuwa na mwezi. Bahari nyeusi na anga nyeusi, ule mstari wa upeo hauonekani, unapima kutoka wapi? Hakuna nilikosoma nikaliona hilo, ni mpaka usimame pale. Nikasubiri siku kumi.

Usiku wa pili mwezi ulikuwa umeshapita nusu, upeo upo, ng'ambo ya kaskazini unaona ukanda mweusi wa rasi ya Chongoleani. Nimepima mara saba. Wastani wa kamba sentimita 33, sawa na digrii 10.4, na jibu la kweli kwa Tanga ni kama 10.9. Nimekosea digrii 0.5 hivi, ambayo baharini ni kilometa kama 55. Kwa kibao cha fremu na mkono wa mtu wa fotokopi nimefurahi mno.

Alikuwepo mzee mmoja mvuvi anashona nyavu kwenye taa, alitutazama muda, nikamsalimia shikamoo nikamweleza. Akasema, "Sisi mwanangu tunamtazama Kilimia. Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Nikamuuliza sasa hivi kiko wapi, akasema amka alfajiri utazame mashariki, kimesharudi. Nimeamka kesho yake na kweli kilikuwepo, kidogo tu juu ya maji kabla jua halijatoka.

Nacho nimekirudisha 1331 kwenye Stellarium. Mwanzoni mwa Rajabu Kilimia kipo magharibi chini baada ya maghribi, siku chache tu kimebakia kabla ya kuzama kwa mvua ya masika. Kwa hiyo mpangilio mpya ni huu: wanapakia chombo, binti anakiona Kilimia mara ya mwisho na mama yake wakiwa mlangoni, siku kumi baadaye wanatweka, mwezi umeshapita nusu ili upeo uonekane, na saa saba ya usiku ndo wanangoja Farqadani.

Sura ya 9 imeandikwa upya, maneno 3,870. Riwaya nzima sasa ni 44,150. Sentensi ambayo nimeihangaikia zaidi ni ile baba anapouliza, zamani ilikuwa "iko wapi?" na sasa anauliza "zimetoka?" na binti ananyamaza kwa sababu bado hazijatoka, mkono wake umenyooshwa mbele, kamba ipo menoni, hawezi kujibu hata akitaka.

Kesho naanza sura ya 15, wapo karibu na Mafia na upepo umegoma.