Seli T tunazionea jamani

Kila vikizuka virusi vipya stori inakuwa kingamwili, kingamwili, mpaka watu wanaenda kupima damu waone kama ziko za kutosha, ila mi naona seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, tunazionea kabisa. Kingamwili hasa inakidaka kirusi kikiwa bado kiko nje. Kikishazama ndani ya seli ni kazi ya seli T, na zinajuaje kipo humo? Seli iliyoambukizwa inakatakata protini za kirusi, vipande vya asidi amino (matofali ya kujengea protini) 8 mpaka 10 hivi, afu inavitoa nje vikiwa vimeshikwa na molekuli za HLA, protini za juu ya seli zinazoonyesha vipande hivyo, na kipokezi cha seli T, yaani protini yake ya kutambulia, kinakagua vyote viwili kwa pamoja, kipande na HLA iliyokishika. Haya mambo ya kukagua viwili Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waliyaonyesha kwa panya kule Canberra mwaka 1974, Nobel wakapewa 1996.

Sasa angalia influenza. Kuna kipande cha asidi amino 9 kinatoka kwenye protini M1, ya ndani ya kirusi, na kikikaa kwenye HLA-A2, aina mojawapo ya HLA, kinakuwa bapa, hakina pa kushikia, vipokezi vingi haviking'amui. Vinavyoweza, mara nyingi vimetumia jeni moja ileile, TRBV19, mojawapo ya jeni za kujengea vipokezi, yaani watu wasio na undugu wowote wanakutwa na vipokezi vinavyofanana!! Na vipokezi hivi vinatengenezwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kibahatibahati, mi hii inanishangaza mno.

Afu M1 haibadiliki ovyo kama protini za juu ya kirusi, ndo maana seli T zilizoikariri zinaweza kukusaidia hata aina nyingine ya mafua ikija, kuambukizwa utaambukizwa ila ukali unapungua. Waliougua SARS (ugonjwa wa mapafu wa kirusi cha korona cha kabla ya COVID-19) mwaka 2003 walipimwa miaka 17 baadaye, seli T za kumbukumbu bado zipo, na zikaitambua mpaka protini N, mojawapo ya protini za kirusi cha korona kipya, kile cha COVID-19. Omicron, aina ya kirusi hicho iliyokuja baadaye, nayo ilizikwepa kingamwili nyingi, seli T nyingi ziliendelea kuitambua.

Shida kuzipima ni kazi, unahitaji seli hai na maabara yenye watu wanaojua, ndo maana majibu mengi yanaishia kwenye kingamwili tu, na mi naona hapo ndo hela ya utafiti inatakiwa iende.