Chemirocha kwenye redio ya boda

Kutoka Kericho mjini hadi Kapkatet nilitozwa shilingi mia nne, mara mbili ya nauli ya kawaida, kisa mvua. Tena nikakalishwa kwenye sambaza, ule ubao wa ziada kati ya viti vya matatu, goti la abiria wa nyuma likinichoma mgongoni hadi Litein. Ya Nairobi hadi Kericho siyasemi.

Mfukoni nilikuwa na flashi yenye nyimbo za Wakipsigis alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1950. Mwingereza huyo alizunguka vijijini na gari na jenereta, maikrofoni kaishika mwenyewe mkononi. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika kule Afrika Kusini, na kanda zake ziko huko hadi leo, Chuo Kikuu cha Rhodes. Nilitaka wazee wa boma moja waisikie Chemirocha, wimbo wa wasichana wa Kapkatet kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Santuri zake zilifika huku, jina lake likatamkwa Chemirocha, na wao wakamgeuza kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Spika yangu mpya, ya elfu tatu na mia tano, ikakoroma mara moja ikazima. Nikajaribu simu. Gogo mmoja, yaani nyanya kwa Kikipsigis, akaibandika sikioni, kisha akaniuliza kama nimefungia nyuki humo ndani.

Aliyeniokoa ni kijana wa boda aliyenifikisha. Pikipiki yake ina redio ya flashi na spika kubwa kuliko tangi la mafuta. Akaisukuma hadi chini ya mparachichi, akachomeka. Kinubi cha chepkong kikaanza kudundwa, wasichana wakaingia, na boma zima likanyamaza isipokuwa kuku. Haikufika dakika mbili, kimya.

"Mbona mmewakata?" Gogo alikuwa amekasirika, na hasira zote juu yangu. Nikaeleza, mjukuu wake akitafsiri, kwamba upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba kama dakika tatu tu. Hakunielewa, au alinielewa akaona ni upuuzi. "Wimbo haukatwi watu wakiwa bado wamesimama." Akauendeleza mwenyewe, chini kidogo ya sauti ya wale wasichana, na beti ambazo kwenye flashi hazimo. Wenzake wakaitikia. Yule wa boda akatoa simu kurekodi, na kabla hawajamaliza alikuwa ameshatuma kipande kwenye kundi la WhatsApp la stejini.

Nikakumbuka kwetu Kitui. Hakuna maktaba iliyotutunzia kitu. Kulikuwa na katoni ya kaseti za harusi chini ya kitanda cha mama, nasi watoto tukazivuta utepe tukafungia mbuzi. Nyanya yangu aliimba kila jioni na hakuna aliyebonyeza hata kitufe.

Kurudi barabarani, kijana akaniambia mia tano. Tulipatana mia moja. "Mia ni ya kubebwa," akasema. "Hiyo nyingine ni ya betri, na ya disko." Nikalipa.