EXTERNAL-IP ikiandika none msipaniki

Wana Mbeya mnaochezea Kubernetes (ile ya kuendesha programu kwenye kundi la mashine, yaani klasta) njooni hapa. Jana jioni Uyole baridi lile lile, dogo wa ofisini ananiambia braza sevisi (mlango wa kuifikia programu) nimeiweka NodePort, ile inayofungua poti kwenye kila mashine, ila kwenye simu haifunguki, kucheki anapiga ile CLUSTER-IP, sasa hiyo si ni ya humo humo ndani ya klasta tu jamani, nje haitoki. Nkamwambia andika kubectl get nodes -o wide, utaona INTERNAL-IP na EXTERNAL-IP za kila nodi, yaani kila mashine ya klasta. Ya pili kwetu ilikuwa none, na ni sawa tu, mashine ni zetu wenyewe sio za klaudi, nani akupe IP ya nje? Tukachukua ile ya ndani, 192.168 nini nini, tukaweka na ile poti ya NodePort ya sevisi (kawaida ziko kati ya 30000 na 32767), simu iko waifai hiyo hiyo, ikafunguka chap. Na nodi yoyote inakubali hata kama podi (pale programu yenyewe inapokimbia) haipo hapo, kube-proxy, kile kipande cha Kubernetes kwenye kila nodi, inalipeleka ombi yenyewe, hii ndo naipenda mno. Sasa dogo anataka na mshkaji wake wa Iringa aifungue, hapo tunaingia kwenye ruta na faiawoli, nkamwambia kesho bana