Tisini na saba

Mvua ya kwanza ya masika ikishanyesha, msitu wa Karura hapa Nairobi huanza kutoa vitu vyake. Jumamosi nilikuwa huko na kitinda mimba wangu. Tuliingilia lango la Limuru Road, na hatukuwa tumefika mbali alipokwama mbele ya lile ua jekundu la mviringo, kubwa kama balungi, limejichomoza kwenye takataka za msitu bila jani lake hata moja.

"Mama, hili ni ua moja ama ni mengi?"

Nikacheka peke yangu. Swali hilo lina mwenyewe.

Mwenyewe ni baba yangu. Aprili 2012 alikuwa na wiki tatu tangu astaafu, miaka 31 akiihesabia serikali pesa, na faili lake la pensheni halionekani. Kila asubuhi alivaa shati jeupe, akafunga kamba za viatu, akakaa sebuleni. Mama ndiye aliyenisukuma: "Mtoe huyo nje, atanimalizia chai." Basi tukapanda matatu namba 111 pale Railways, tukashuka Ngong, tukachukua bodaboda hadi getini, tukapewa askari wa kutusindikiza kwa sababu ya wezi, tukaanza kupanda vilima. Viatu vilikuwa vilevile vya ofisini.

Tulipoipita mitambo ya umeme wa upepo, huku Nairobi imelala kwenye ukungu, huku Bonde la Ufa limefunguka lote, mzee hatazami kokote. Anatazama ncha za viatu vyake. Ndiyo maana akaliona ua kama hilo la Karura.

Akachutama. Mtu wa magoti yale! Akavua kofia, akaikinga upande wa upepo, akachomoa kalamu mfukoni, maana kalamu alikuwa hajastaafu nayo, akaanza kugusa kimoja kimoja kwa kifuniko chake. Ukilisogelea kiasi hicho, lile tufe linatoweka. Unachoona ni vijiua vyembamba, kila kimoja na kikonyo chake, petali sita kama nyuzi, stameni zenye ncha za manjano. "Moja, mbili, tatu..." Kwa sauti ile ya chini aliyohesabia mshahara wake mwisho wa mwezi, midomo ikisogea tu.

Kwenye hamsini na kitu upepo ukaliyumbisha, akapoteza. Akarudi mwanzo.

"Mzee, mvua inakuja," askari akasema.

"Ikuje."

Sikuwa nimemsikia akijibu mtu hivyo tangu astaafu. Wingu nalo lilikuwa jeusi kweli, na mimi nilikuwa nimesuka nywele juzi yake. Alipofika tisini na saba nikafungua mdomo: "Baba, twende, tutalowa."

Kalamu ikasimama hewani. Akanitazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

"Umenipoteza," akasema, akavaa kofia.

Na hatukulowa! Matone matatu manne, jua likatoka tukiwa bado tunashuka. Kwenye matatu nikaona chavua ya manjano imempaka mfuko wa shati. Mama aliisugua kwa sabuni ya kipande, akaisugua tena, ikabaki.

Niliahidi turudi masika yanayofuata. Masika hayo yakaja na uchaguzi, ya 2014 yakanikuta na mimba, na yaliyobaki magoti yake yakakataa. Pensheni ilitoka, msiulize lini. Pengine ningemwacha alowe. Au pengine angefika mwisho, akanyanyuka, akauliza chai iko wapi, na mimi ndiye ninayelikuza jambo kila masika.

Nimesoma kwamba tufe moja linaweza kubeba hadi vijiua 200, kwa hiyo hata ile 97 huenda ilikuwa nusu tu ya kazi. Na wataalamu walioliita Scadoxus multiflorus hawakujisumbua hata kidogo: multiflorus, lenye maua mengi, wakaishia hapo. Baba angewarudishia karatasi yao.

"Ni mengi," nikamjibu binti yangu.

"Mangapi?"