Kumkaribisha Mzungumzaji wa Kiingereza kwenye Filamu ya Kiswahili

Mwenzako wa kazini huko Leeds au Minneapolis akikwambia hapendi filamu za kusomasoma tafsiri chini ya kioo, usimlaumu. Amekulia mahali ambapo karibu kila filamu inazungumza lugha yake. Huku kwetu watu wamekaa saa tatu mbele ya filamu ya Kihindi bila kuelewa neno, na pa kulia wakalia. Yeye hana mazoezi hayo, lakini jioni moja inatosha kumzoesha, mradi usimwanzishie pagumu.

Anza na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ina dakika 74 tu: msichana mgonjwa anaota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinajitosa kumtimizia. Akikosa mstari mmoja, picha inambeba hadi mwingine. Kama ni mpenzi wa filamu za uhalifu, mpe Nairobi Half Life ya 2012. Kijana anatoka kijijini kutafuta uigizaji mjini, anaporwa mara tu anapofika, na kuanzia hapo hadithi haipoi.

Hakikisha manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya kioo, yako sawa kabla mgeni hajaketi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, weka faili la manukuu katika folda moja na filamu na ulipe jina lilelile, yatajitokeza yenyewe. Yakitangulia sauti, kwenye kompyuta ya Windows bonyeza H kuyachelewesha. Yakichelewa, bonyeza G. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Ila yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, usihangaike na vitufe hivyo. Huenda faili hilo lilipimwa kwa picha 25 kwa sekunde na filamu yako inakwenda 23.976, na baada ya saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Tafuta faili lililotengenezwa kwa toleo lako la filamu. Manukuu ya mashine yaache kabisa, hasa penye Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi.

Herufi nyeupe hupotea juu ya kanzu nyeupe au mchanga wa pwani. Ingia kwenye mipangilio uweke kivuli cheusi nyuma ya maandishi, kisha ongeza ukubwa mpaka yasomeke toka kochi la mwisho. Chakula kiliwe kabla. Mtu anayechambua miba ya samaki anatazama sahani, na kila akiinama amekosa sentensi.

Sasa lugha yenyewe, na hapa ndipo mgeni anapopotea bila kujua. Manukuu kwa kawaida hayazidi mistari miwili, kila mmoja herufi 42 hivi, kwa hiyo mfasiri analazimika kukata. Mara nyingi cha kwanza kukatwa ni salamu: mtoto anaamkia, mzee anaitikia marahaba, na chini hakuna kitu. Mgeni anaona midomo tu, hajui kwamba heshima imekwisha kupita. Neno linalopotosha kuliko yote ni "pole". Mtu kajikwaa, jirani anasema pole, na maandishi yanaleta neno la Kiingereza la kuomba radhi. Mgeni anajiuliza jirani kakosa nini, labda ndiye aliyemsukuma! Mwambie mapema kwamba pole ni kushiriki maumivu ya mtu, hata kama huhusiki nayo. Mwambie pia kwamba kaka, dada na mama si lazima wawe wa damu, la sivyo atahesabu ukoo usiokuwepo.

Filamu ikianza, nyamaza. Ukimtafsiria kwa mdomo juu ya maandishi, anasikiliza na kusoma kwa pamoja, na vyote viwili vinamponyoka. Akicheka kabla yako usishangae, maana sentensi nzima huandikwa kabla mwigizaji hajaimaliza.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iweke ya tatu. Inapendeza mno, lakini haiharakishi, na mengi yanasemwa kwa jicho na ukimya. Kabla ya kuiwasha mpe dakika tano za historia: ni Zanzibar ya miaka ya 1950, kuna sultani, Waingereza ndio wenye amri, uhuru ni Desemba 1963 na mapinduzi ni Januari 1964. Bila hayo ataona mapenzi ya Denge na Yasmin tu, na hatajua kwa nini Denge anasakwa.